Maswali na Majibu: Wakurugenzi wanaposema kila kitu ni tatizo

SWALI: Chama chetu cha wafanyabiashara kina wanachama 400. Tuliwatumia wakurugenzi dodoso la maswali 46 kwa barua pepe, ili tupeleke serikalini matatizo makuu ya kampuni zao. Wamejibu 31, na karibu wote wameweka "tatizo kubwa sana" kila mahali: kodi, umeme, mtaji, barabara. Tumekosea wapi?
Katibu, Mwanza

JIBU: Ndugu Katibu, kosa liko kwenye swali. Mtu akiulizwa kama kodi ni tatizo, kusema ndiyo hakumgharimu chochote, hasa akijua majibu yanakwenda serikalini. Inabidi achague. Katika tafiti zake za kampuni, Benki ya Dunia humpa mhojiwa orodha ya vikwazo 15, ataje kimoja tu kinachomkwamisha zaidi. Mpangilio wa orodha hubadilishwa kutoka mhojiwa hadi mhojiwa, kwa sababu kinachotangulia huelekea kuchaguliwa zaidi. Nanyi chapeni matoleo matatu, kila moja likianzia mahali tofauti.

Akishachagua, mfuate hapohapo. "Umeme" peke yake hausaidii kikaoni. Muulize: mwezi uliopita umeme ulikatika mara ngapi kazi ikiendelea? Kwa saa ngapi? Jenereta ilikula lita ngapi za dizeli? Mwenye kiwanda cha minofu ya sangara, ambaye vyumba vyake vya baridi haviwezi kusubiri, ana hesabu hiyo kwenye daftari. Neno "kodi" nalo lipasueni: kiwango chake, namna ya kukadiriwa, na kucheleweshewa marejesho ya VAT ni malalamiko matatu yenye dawa tatu tofauti.

Majibu 31 kati ya 400 hayafiki asilimia 8, lakini uchache wake si ubaya mkubwa kuliko wote. Ubaya ni kwamba waliojibu wamejichagua wenyewe: wenye uchungu zaidi, au wenye karani wa kujaza fomu. Kutuma barua pepe nyingine hakutaponya hilo. Gawanyeni orodha ya wanachama kwa idadi ya wafanyakazi: 5 hadi 19, 20 hadi 99, 100 na zaidi. Tuseme ndogo ni 240, za kati 130, kubwa 30. Chagueni kwa bahati nasibu ndogo 60, za kati 40, kubwa 20. Wakati wa kujumlisha, kila ndogo ihesabiwe mara 4, ya kati mara 3.25, kubwa mara 1.5, bila hivyo kampuni kubwa zitazimeza sauti za wadogo. Hata wote 120 wakijibu, matokeo yanaweza kupotoka takriban pointi 8 za asilimia juu au chini. Kwa hiyo umeme ukipata asilimia 24 na mtaji 21, msitangaze kwamba umeme umeongoza.

Angalieni pia nani anashika kalamu. Dodoso likishushwa kwa mhasibu litarudi limejaa kodi na mikopo. Likienda kwa msimamizi wa uzalishaji litarudi na umeme na vipuri. Pigeni simu, ombeni dakika 20 za mkurugenzi mwenyewe, na cheo cha aliyejibu kiandikwe juu ya fomu. Maswali 12 yanatosha. Yajaribuni kwanza kwa wakurugenzi watano mkiwa mmekaa nao: pale anaposita na kuuliza "mna maana gani?", andikeni upya.

SWALI: Tunahoji wakurugenzi kila robo mwaka. Tulinganishe vipi majibu?
Mchumi, Mombasa

JIBU: Taasisi ya utafiti wa uchumi ya Ifo, ya Munich, Ujerumani, huziuliza kampuni kila mwezi kama hali ya biashara ni nzuri, ya kuridhisha au mbaya, na kama miezi 6 ijayo itakuwa bora, ileile au mbaya zaidi. Kisha asilimia ya wanaoona ubaya hutolewa kwenye ya wanaoona wema. Wakisema bora 45, ileile 30, mbaya 25, jibu ni +20. Fuateni mwendo wa namba hiyo.

Kwenu pwani, hoteli hupwaya wakati wa masika, kwa hiyo Aprili hadi Juni ilinganishwe na Aprili hadi Juni ya mwaka uliotangulia. Na maneno ya swali yasiguswe: mkibadili "mauzo" yakawa "mapato", mmeanza utafiti mpya.