Mwezi wa Ramadhani: tuhesabu au tuutazame?

SWALI: Assalamu alaikum. Ramadhani ikikaribia, msikitini kwetu hugeuka mabishano. Vijana huonyesha kwenye simu saa na dakika ya kuzaliwa kwa mwezi. Wazee huwaambia anayefuata hesabu imani yake imepungua. Je, akili ikae kando? – Msomaji, Bombo

JIBU: Wa alaikum salaam. Isikae kando. Sura Ar-Rahman, aya ya 5, inasema jua na mwezi huenda kwa hesabu. Hesabu hiyo ndiyo iliyowapeleka watu Pakwach, Uganda, tarehe 3 Novemba 2013, wakijua mapema saa ambayo jua lingepatwa.

Ila vijana wenu nao wanachanganya mambo mawili. Kuzaliwa kwa mwezi, yaani kulipita jua, hujulikana kwa dakika, miaka mingi kabla. Kuonekana ni jambo jingine. Mwezi ukiwa chini ya nyuzi 7 hivi kutoka kwenye jua, jicho haliupati. Kwa kawaida huhitaji zaidi ya saa 20 tangu uzaliwe, na hata hapo wingu moja latosha kuuficha.

Hesabu, basi, haiwezi kuapa kwamba mtauona. Inaweza kumkatalia shahidi. Taqi al-Din al-Subki, kadhi wa Damascus aliyefariki 1355, alisema hesabu ikionyesha kuwa mwezi hauwezi kuonekana, neno la mtu mmoja au wawili halipokelewi. Wanazuoni wengi hawakumfuata. Sisi twaona alikuwa na hoja. Mwezi uliotua kabla ya jua nani ameuona?

Shahidi aulizwe pembe zilielekea wapi. Huku karibu na ikweta mwezi mwandamo hulala kama mashua, pembe juu. Akisema zilielekea lilikozama jua, huenda aliona moshi wa ndege.

Tafuteni kilima kilicho wazi magharibi. Kwenu jua huzama kati ya saa 12:30 na saa 1 jioni. Darubini isiguswe kabla halijazama lote, litawaharibu macho. Tazameni kama nusu saa. Mawingu yakizuia, kamilisheni siku 30 za mwezi mlio nao.

Na jambo ambalo wengi hulisahau: mwezi huchukua wastani wa siku 29, saa 12 na dakika 44, kwa hiyo hauwi na siku 28. Mkiuona wa Shawwal, mwezi unaofuata Ramadhani, mkiwa mmefunga 28 tu, mlichelewa kuanza. Lipeni siku moja baada ya Idi.