Ng’ombe ana baiti ngapi?

Maswali ya safari hii yote ni ya wanaopeleka maandishi kutoka Python kwenda kwenye moduli ya C.

Shikamoo fundi. Natengeneza programu ya risiti kwa mfanyabiashara wa mnada wa Pugu. Python inasema "ng’ombe" ina herufi 7, C inasema 9. Nani mwongo? (Sinza)

Marahaba. Hakuna mwongo. Python imehesabu herufi na ritifaa (alama ya ’), strlen, kipimo cha urefu cha C, imehesabu baiti. Tatizo lako ni hiyo ritifaa: baadhi ya simu huigeuza ikawa ile iliyopinda, ambayo katika UTF-8 (namna ya kuhifadhi herufi kwa baiti) hula baiti 3. Iliyonyooka hula 1 tu. Zile herufi 6 ni baiti moja moja, jumla 9.

Najua unakoelekea: unataka kufupisha jina litoshe kwenye karatasi. Usilikatie upande wa C. Unaweza kuipasua ritifaa katikati, na ukiirudisha stringi (maandishi) hiyo, Python itakutupia UnicodeDecodeError, kosa la baiti zisizosomeka. Kata kwanza kwenye Python, ndipo upeleke. Tena chagua ritifaa moja kwa data yote, la sivyo ukimtafuta ng'ombe wa kunyooka, wa kupinda hutamwona.

Kaka, nimeweka kwenye struct (kifurushi cha data cha C) pointa, yaani anwani ya memori, niliyopewa na PyUnicode_AsUTF8 nilipoomba maandishi ya stringi ya Python. Mwanzoni jina la mteja ni sahihi, baadaye linatoka takataka. (Mbagala)

Umepanga chumba ukadhani umejenga. Memori hiyo ni ya stringi ya Python. Rejea ya mwisho (anayeishikilia wa mwisho) ikiondoka, stringi inafutwa na pointa yako inabaki inaelekea hewani. Ama shikilia stringi yenyewe kwa Py_INCREF, ukimaliza uiachie kwa Py_DECREF, ama nakili maandishi kwenye memori yako. Kwa jina fupi mimi hunakili. Omba baiti moja ya ziada kwa ajili ya sifuri ya mwisho (hiyo moja imeshanikesha), na free (kuachia memori) uifanye kwenye nakala yako tu. Pointa ya Python ni mali ya watu.

Nasoma data ya mzani, naigeuza str (maandishi ya Python), C inagoma: "embedded null character". (Kigamboni)

Umetumia "s", msimbo wa kupokea maandishi kwenye PyArg_ParseTuple, na kwa C baiti ya sifuri ni mwisho wa maneno. Data ya mzani si maandishi, usiigeuze. Iache bytes, ipokee kwa "y#" pamoja na urefu wake katika Py_ssize_t, na kwa Python ya kabla ya 3.13, #define ya PY_SSIZE_T_CLEAN itangulie Python.h.