Maswali na Majibu: Flee, Escape, Abscond na Wenzake

Mwalimu, wakati uliopita wa "flee" ni upi? Mwenzangu anasema ni "flew".

Ni *fled*: flee, fled, fled. *Flew* na *flown* ni za *fly*, kuruka. *Flowed* ni ya *flow*, kutiririka. "Fleed" haipo kabisa. Swali hili limejibiwa hapa mara nyingi, na kamusi yoyote hulijibu kwenye mstari wa kwanza wa neno lenyewe. Fungueni kamusi kabla ya kuandika.

Nikiandika insha naweza kupokezanisha "flee", "escape" na "run away" ili nisirudierudie neno moja?

Hapana, na ushauri huu wa "usirudie neno" umeharibu insha nyingi kuliko makosa ya tahajia. Anayeufuata huokota neno lolote kwenye orodha ya visawe bila kuangalia linavyotumika. Kiswahili hutuachia *kukimbia* na *kutoroka* zibebe karibu kila kitu; Kiingereza kimeugawa mzigo huo.

*Flee* hutazama hatari unayoipa kisogo: vita, moto, polisi. Haisemi kama ulifika salama. Ndiyo maana "They fled, but the soldiers caught them at the river" ni sentensi sahihi, hata kama hawakufika popote.

*Escape* hutazama matokeo. Ukisema "He escaped", umeshasema kwamba alitoka. Kama alikamatwa ukutani kabla hajavuka, andika "He tried to escape". Wanafunzi huisahau *tried* kila siku, na maana ya habari nzima hugeuka.

*Run away* ni ya mazungumzo. Ni ya mtoto aliyeondoka nyumbani, mbwa aliyekatika kamba, mtu anayekwepa matatizo yake. Kama kitenzi huandikwa maneno mawili. *Runaway*, neno moja, ni nomino au kivumishi. Usimwambie mtoto "Don't flee from home": *flee* ni ya magazeti na vitabu vya historia, na masikioni itasikika kama taarifa ya habari.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua, jiulize anakimbia nini, je, amefanikiwa, na je, kuondoka kwake ni kosa. Majibu yakibadilika, kitenzi nacho hubadilika. Yasipobadilika, rudia neno lilelile bila aibu.

"Escape" inafuatwa na "from" au haifuatwi?

Inategemea ulikuwa ndani au ulikuwa nje. Uliyekuwa umefungiwa, unatoka na *from*: "She escaped from prison." Balaa lililokukosa halina *from*: "She escaped death", "He escaped punishment". Hapo Kiswahili kingesema ameponea au amenusurika. Andika basi "He escaped prison" bila *from*, na msomaji makini ataelewa kwamba mtu huyo hakufungwa kabisa, pengine alitozwa faini tu. Vichwa vya habari vya Kiingereza hutumia tofauti hii kila mara, na wanaotafsiri haraka huandika kwamba mfungwa ametoroka.

Kikifuata kitenzi, tumia *-ing*: "escape being punished", wala si "escape to be punished".

*Flee* nayo haihitaji *from* mbele ya nchi au mahali: "They fled the country." Mbele ya hatari, *fled the war* na *fled from the war* zote ni sawa. Anakoelekea mtu huchukua *to*: "fled to Canada".

Naomba unisahihishie barua ya kazini: "The employee absconded duty for two days."

Kisarufi, *absconded from duty*. Lakini kasoro kubwa ni neno lenyewe. *Abscond* ni kuondoka kimyakimya ukiwa na jambo la kujibu: kuruka dhamana, au kutokomea na fedha za watu, "absconded with the money". Mfanyakazi ambaye hukuonana naye siku mbili huenda ni mgonjwa, na wewe umeshamwandikia hatia. Andika "was absent without permission", kisha msubiri ajieleze. Watu hulipenda neno hili kwa sababu linasikika zito. Uzito huo humwangukia mtu.

Katika takwimu za magereza ya England na Wales, *escape* ni ya aliyevunja kizuizi au kumponyoka mlinzi, na *abscond* ni ya aliyeondoka tu katika gereza la wazi.

"Elope" ni kutoroshwa msichana?

Siyo. *Elope* ni wawili kuondoka kwa siri, kwa hiari yao, wakaoane: "She eloped with him." Anayechukuliwa kwa nguvu ni *abducted*, na kuyachanganya haya ni kulifunika kosa la jinai kwa neno la harusi.

"Tax avoidance" na "tax evasion" si kitu kimoja?

Ya kwanza ni kupunguza kodi ndani ya sheria. Ya pili ni kosa la jinai. Usiziguse katika ripoti kabla hujajua ipi ni ipi.

Nimesikia "scarper", "skedaddle", "leg it", "bolt" na "do a runner". Nizitumie?

Zielewe, katika mtihani usiziandike, isipokuwa *bolt*, ambayo ni ya kawaida na humfaa farasi au mtu aliyeshtuka akachomoka ghafla. *Scarper* na *leg it* ni za mitaani Uingereza. *Skedaddle* ni ya Marekani, ilienea wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1861. *Do a runner* mara nyingi ni kuondoka bila kulipa, hotelini au kwenye nyumba ya kupanga, kwa hiyo usiitumie kwa rafiki aliyeaga mapema.