Maonyesho Sita Shimoni: Ushauri kwa Mpiga Ala Anayeingia Okestra ya Tamthilia kwa Mara ya Kwanza

Mtu aliyelelewa na taarab huzoea kuonekana. Kwetu Unguja mpiga fidla huketi jukwaani pamoja na wenzake, kanuni na udi karibu yake, dumbaki pembeni, na mwimbaji anaposimama huwa amesimama mbele ya macho yake. Wanawake wanapoinuka kwenda kutunza, hupita hatua chache tu kutoka kwenye upinde wake, na akitaka anaweza kuhesabu noti za fedha zinazomiminika. Mimi nilijifunza fidla katika hali hiyo, kwanza kwa mjomba wangu, kisha DCMA, chuo cha muziki kilichofunguliwa mwaka 2002 na kukaa miaka mingi katika Forodha ya Kale pale Mizingani. Kwa hiyo nilipoalikwa, miaka michache baada ya kuhamia kaskazini mwa Uingereza, kupiga fidla ya kwanza katika tamthilia ya nyimbo iliyoandaliwa na chama kimoja cha waigizaji wa kujitolea, niliamini kwamba nakwenda kufanya kazi ninayoijua, isipokuwa safari hii kwa nguo nyeusi. Ninayaandika haya kwa ajili ya yeyote kati yetu atakayepata mwaliko kama ule na kuukubali kwa wepesi nilioukubali mimi.

Shimo la okestra ni uwazi ulio baina ya jukwaa na viti vya mbele, ambao sakafu yake imeshushwa ili wapigaji wasizibe macho ya watazamaji na ili sauti za ala zisiwafunike waimbaji. Richard Wagner aliliendeleza wazo hilo hadi mwisho wake katika ukumbi aliojenga Bayreuth, uliofunguliwa mwaka 1876, ambako okestra imefunikwa na haionekani kabisa kutoka kwenye viti. Shimo letu halikuwa na fahari hiyo. Tulikuwa watu kumi na wanne, stendi za noti zikigusana, mpiga ngoma akiwa nyuma ya ukuta wa plastiki, na juu ya vichwa vyetu ulitandazwa wavu wa kudakia vitu vinavyoanguka kutoka jukwaani. Nilipouona wavu ule nilicheka, na nikaendelea kuuona kichekesho mpaka usiku wa tatu.

Mchezo wenyewe ulikuwa Fiddler on the Roof, ambao muziki wake ni wa Jerry Bock na mashairi ya nyimbo ni ya Sheldon Harnick. Ulifunguliwa Broadway mwezi Septemba mwaka 1964 na kuonyeshwa zaidi ya mara 3,000 kabla ya kufungwa. Ni kisa cha Tevye, muuza maziwa wa Kiyahudi katika kijiji cha Anatevka, Urusi ya mfalme, mwaka 1905. (Mwaka huo huo ndio kiliundwa kikundi cha taarab cha Nadi Ikhwan Safaa kwetu Unguja, hakuna uhusiano wowote, lakini nililifurahia jambo hilo peke yangu na sikumwambia mtu.) Nilipofungua noti mara ya kwanza sikio langu lilitangulia macho, kwa sababu muziki wa Wayahudi wa Ulaya Mashariki unatumia sana ngazi ya sauti iliyo ndugu wa Hijaz, maqam ambayo mpiga taarab yeyote ameinywa tangu utotoni. Tena okestra ile ina akodioni. Mzee aliyekuwa akiipiga alikaa kushoto kwangu, na kwa dakika kumi za mazoezi ya kwanza nilijihisi nimerudi nyumbani.

Hapo ndipo nilipojikwaa. Katika taarab wapiga fidla wote hufuata wimbo mmoja, lakini kila mmoja huupamba kwa mkono wake, na mapambo hayo yanapopishana kidogo ndipo sauti ya kundi inaponoga. Shimoni tulikuwa fidla tatu, na ilitakiwa tusikike kama moja. Mwongozaji wetu, mama mpole aliyekuwa akiongoza kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukipiga kinanda, alisimamisha mazoezi na kuniambia kwamba mapambo yangu ni mazuri mno na kwamba angependa nisiyapige. Nilinuna siku nzima. Baadaye nilielewa sababu, na nitaieleza nikifika kwa kijana wa juu ya paa.

Ushauri wangu ulio mzito kuliko yote ni kwamba utafute maandishi ya mchezo mapema, uyasome na uyasikilize kwa bidii ile ile unayoitumia kwa noti. Katika tamthilia ya nyimbo muda hautawaliwi na muziki peke yake; hutawaliwa na ulimi wa mwigizaji. Kuna vipande vya kusubiri, ambavyo wapigaji wa huko huviita vampu, yaani vipimo viwili au vinne vya muziki (vile visehemu vifupi vinavyotengwa kwa mistari katika noti) vinavyorudiwa tena na tena chini ya mazungumzo mpaka mwigizaji atakapotamka neno fulani au kufika mahali fulani. Usiku mmoja mtavirudia mara mbili, usiku wa pili mara saba kwa sababu watazamaji wamecheka sana au mlango wa jukwaani umekataa kufunguka. Mpiga taarab hahitaji kufundishwa maana ya jambo hili, kwani anajua kurudia kiunganishi huku mwimbaji akipokea tuzo na kusubiri arudi kwenye ubeti. Tofauti ni kwamba kule unamwona mwimbaji anakunja noti ya mwisho. Shimoni huoni kitu. Unasikia visigino juu ya mbao, unasikia kicheko cha watu ambacho hujui kimesababishwa na nini, na unaona kidole cha mwongozaji.

Usiku wa kwanza nilitegemea kuhesabu. Katika sehemu ya pili kuna onyesho la kituo cha treni, ambapo binti wa pili wa Tevye anaagana na babake, na hapo mwigizaji wetu aliamua kunyamaza kwa muda mrefu kuliko alivyofanya katika mazoezi yote. Mimi nilikuwa nimehesabu marudio manne, kwa kuwa yalikuwa manne tangu mwanzo, na nikavuka kwenda kwenye kipimo kinachofuata. Fidla moja ililia peke yake katika ukumbi uliokuwa kimya kabisa. Sidhani kama ilidumu sekunde mbili, na mzee wa akodioni alinigusa kiwiko kwa upole, lakini mwongozaji hakunitazama, na kutotazamwa kule kuliniuma zaidi kuliko kama angenikaripia.

Usiku ule nilikwenda nyumbani nikaifungua simu yangu, ambamo nilikuwa nimerekodi yale mazoezi ya kwanza ya pamoja kati ya okestra na waimbaji, ambayo hata Waingereza huyaita kwa neno la Kijerumani, Sitzprobe, yaani mazoezi ya kukaa. Kiingereza changu ni cha kazini, na waigizaji wale walikuwa wakiigiza lafudhi ambayo hata majirani zao hawaizungumzi. Kwa hiyo nilisikiliza kila neno la ishara na kuliandika juu ya noti zangu kama sikio lilivyolipokea, kwa tahajia ya Kiswahili, bila kujali Mwingereza angeliandikaje. Mahali pengine sikuandika neno bali tukio: “mama anapiga meza”, “wanacheka, subiri”, “hatua tatu kisha kimya”. Tangu hapo sikuhesabu tena marudio ya kipande chochote cha kusubiri, na ninakusihi usiyahesabu. Ukiyahesabu utaiamini hesabu yako, na mwigizaji hana habari nayo.

Andika kwa penseli, na penseli ziwe mbili, kwa maana moja lazima itaanguka gizani. Noti za tamthilia hukodishwa, nazo hurudishwa zikiwa zimefutwa, ingawa hazifutwi zikatakata, kwa hiyo kitabu chako kitakuja na vivuli vya maandishi ya watu waliokutangulia. Usivipuuze. Changu kilikuwa na picha ndogo ya miwani, iliyochorwa na mtu nisiyemjua, mwanzoni mwa kurasa tano au sita. Miwani ni alama inayotumiwa na wapigaji wa okestra kwa maana ya “inua macho umtazame mwongozaji”. Mahali pale pote palikuwa pa hatari, ukiwemo ukurasa wa kituo cha treni, na mimi nilikuwa nimeviona vile vichoro nikavidhania ni mchezo wa mtoto.

Sasa kuhusu kijana wa juu ya paa. Mchezo unafunguka kwa mpiga fidla aliyeketi juu ya paa la nyumba, akipiga peke yake. Katika maonyesho mengi mtu yule ni mchezaji dansi, naye haijui fidla; anayepiga yuko shimoni, mita chache chini yake, na hamwoni. Huwezi kumfuata usiyemwona, kwa hiyo yeye ndiye anayekufuata wewe, na ili akufuate ni lazima upige vile vile kila usiku, pumzi kwa pumzi. Ndiyo maana mwongozaji alinikataza mapambo. Ukipewa sehemu ya namna hii, mtafute mwenzako kabla ya mazoezi ya mavazi na mpe nusu saa ya wakati wako. Sisi tuliketi kwenye ngazi za nyuma, yeye akiwa na fidla ya mbao isiyo na sauti, nikamwonyesha wapi upinde unashuka na wapi unapanda, na kwamba kabla ya mpigo wa kwanza bega huinuka kidogo kwa pumzi. Alilishika hilo la bega kuliko yote. Rafiki yangu aliyekuwa ukumbini aliniambia baadaye kwamba aliapa kijana yule anapiga kweli, na nikiri kwamba nilifurahi na kuumia kwa kiasi kilicho sawa.

Linda masikio yako tangu siku ya kwanza. Tarumbeta ilikuwa nyuma ya sikio langu la kulia, karibu kiasi kwamba nilisikia mpigaji akivuta pumzi. Huko Uingereza kanuni za kelele kazini za mwaka 2005, zilizoanza kutumika katika sekta ya muziki na burudani mwaka 2008, zinamtaka mwajiri achukue hatua za kinga wastani wa kelele wa siku unapofikia desibeli 85. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya London ilimpa ushindi mpiga viola aliyeumia masikio akiwa katika shimo la Royal Opera House, katika mazoezi ya mwaka 2012 ambamo alikaa mbele ya matarumbeta, na mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikamkubalia pia. Katika okestra ya kujitolea huenda asiwepo wa kukupimia kelele, kwa hiyo nunua vizibo vya masikio vya wanamuziki, vile vinavyopunguza sauti bila kuiziba, na fanya navyo mazoezi nyumbani, maana mara ya kwanza utadhani fidla yako imefunikwa kwa blanketi. Mengine ni madogo: nguo nyeusi yenye mikono mirefu, viatu visivyogonga, taa ya stendi yenye betri mpya, na usijitie manukato. Hilo la mwisho ni gumu kwa mtu wa Unguja, lakini shimo halina upepo na wenzako hawana pa kukimbilia.

Usiku wa tatu ulikuwa wa chupa. Katika harusi iliyo mwishoni mwa sehemu ya kwanza wanaume hucheza huku wamesimamisha chupa juu ya kofia zao, wakishuka kwa magoti na kuteleza mbele polepole, na muziki hapo huenda kwa mwendo wa miguu yao. Nilisikia mbao zikigongwa mahali pasipostahili, kisha mlio wa kitu kinachobingirika, kisha chupa ikatua ndani ya wavu juu yangu na kubaki ikining’inia na kunitazama. Hakuna aliyeacha kupiga. Mwongozaji alipunguza mwendo kidogo kwa ajili ya wachezaji waliobaki, mimi nikamfuata yeye, na macho yangu yalikwenda kwenye chupa ile mara moja tu.

Ikiwa huna uhakika kama utaweza, omba kwanza kukaa bila kupiga. Katika majumba ya London, ambako mchezo huonyeshwa mara nane kwa wiki, mpigaji mwenye kiti chake huwa na manaibu wa kumshikia nafasi, na naibu mpya huketi kando yake onyesho zima akifuatilia kitabu, kisha hujifunza nyumbani, na siku yake ikifika hupiga mbele ya watu bila mazoezi yoyote na okestra. Niliwahi kualikwa kukaa hivyo Jumatano moja mchana. Nilijifunza zaidi kwa kutazama mkono wa mwenyeji wangu ukiwa umetulia juu ya goti, ukisubiri, kuliko nilivyojifunza ulipokuwa ukipiga. Vikundi vya kujitolea navyo hukubali ukiomba kwa adabu.

Katika maonyesho sita sikumwona Tevye hata mara moja akiwa jukwaani. Nilimjua kwa kikohozi chake na kwa mguu wake wa kushoto, uliokuwa mzito kuliko wa kulia. Jumamosi usiku, muziki wa kuwasindikiza watu nje ulipokwisha, tulibaki shimoni na vifutio vyetu tukifuta vitabu kabla havijarudishwa vilikokodiwa. Nilifuta maneno yangu yote ya Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, hata “mama anapiga meza”. Zile miwani sikuzigusa, na kwenye ukurasa wa kituo cha treni nilizipitishia penseli juu yake ili zikolee.