Pacha aliyelia kisha akafariki: tulimzika bila kumsalia

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh. Mke wangu alibeba mapacha. Presha ikampanda, na wiki ya 29 madaktari wakamfanyia upasuaji. Wa kwanza, msichana, alilia, akaishi kama dakika 40, akafariki. Mzee anayetusomesha mtaani akasema hiyo ni mimba iliyoharibika, haoshwi wala hasaliwi. Tukamviringisha kanga tukamzika usiku ule ule. Wa pili, mvulana, ana wiki tatu wodi ya njiti, watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Manesi wanataka mama awe anamlaza kifuani, lakini mama yangu hataki mzazi atoke nje kabla ya arobaini, kwa hiyo mimi hupeleka maziwa tu. Mke wangu halali, anauliza mwanawe yuko wapi. Tufanye nini?

JAWABU: Wa alaykumu ssalaam. Nianze na mama, maana swali lake limenikosesha usingizi na mimi. Mwambie mwanawe yuko pema. Katika Sahihi ya Bukhari, sahaba Samura bin Jundub anasimulia ndoto ya Mtume (S.A.W.): alifika kwenye bustani iliyositawi, akamwona mtu mrefu amezungukwa na watoto wengi mno. Akaambiwa huyo ni Nabii Ibrahim, na wale ni watoto waliokufa katika maumbile waliyoumbiwa. Huko ndiko aliko. Na akitaka kulia, mwacheni alie. Mtume alimlilia mwanawe aliyefariki angali ananyonya, akasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu.

Sasa mzee wenu. Namheshimu kwa kusomesha watu, lakini hapa amekosea, na kosa lake limewanyima wazazi kumuaga mtoto wao. Hukumu yake inatokana na hadithi ya sahaba Jabir, kwamba mtoto hasaliwi, harithi wala harithiwi, mpaka alie. Ameshika "hasaliwi", ameiacha "mpaka alie". Huyu si alilia? Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mtoto akitoka na dalili ya uhai, akalia, akapumua, basi hukumu yake ni ya maiti mwingine yeyote: anaoshwa, anakafiniwa, anasaliwa, anazikwa. Asiyesaliwa kwetu ni aliyetoka bila dalili yoyote ya uhai, na hata huyo, akiwa amefikisha miezi minne, huoshwa na kukafiniwa. Dakika 40 za uhai unaziitaje mimba iliyoharibika?

Wapo pia wasemao njiti hajawa mtoto kamili. Wasome Qur'ani. Sura ya 46 aya ya 15 inataja kubeba mimba na kuachisha ziwa kuwa miezi thelathini. Sura ya 2 aya ya 233 inataja kunyonyesha miaka miwili kamili. Toa, inabaki sita. Kwa hesabu hiyo wanachuoni wakaafikiana kwamba aliyezaliwa kwa mimba ya miezi sita ni mtoto halali wa baba yake. Wanao walikwisha kuivuka.

Kumfukua, hapana, kwa wiki tatu mwili umekwisha kubadilika. Nendeni kaburini mkamsalie palepale, kama Mtume alivyomsalia kaburini mwake yule aliyekuwa akifagia msikiti. Wewe na waliokuwa wamebaleghe siku aliyofariki, sala yenu inasihi. Mama yumo katika nifasi, yaani damu ya uzazi, hasali, ila dua haikatazwi. Mpeni jina, akika yake, mnyama anayechinjiwa mtoto, nayo ni sunna bado. Wala usijitafune kwa lililopita, mlimfuata mtu mliyemdhani anajua.

Hili la arobaini ndilo lililonikera zaidi, maana la msichana limekwisha pita lakini huyu yu hai na kila siku ina thamani. Wanaotaja hadithi ya Ummu Salama, mke wa Mtume, wanajua inasema nini? Inasema wanawake wenye nifasi walikuwa wakikaa siku arobaini, yaani bila kusali. Nifasi inazuia sala, funga na tendo la ndoa. Haikuzuia njia ya kwenda hospitali. Njiti hana mafuta ya kutosha mwilini ya kumtunzia joto. Kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, kinampa joto hilo, kinamtuliza pumzi na mapigo ya moyo, na kinasaidia maziwa kutoka. Ada ya kumpumzisha mzazi ni njema. Ikishamtenga mama na mwana anayepigania pumzi, inakuwa dhuluma.

Kwa bi mkubwa usiende na ukali. Naye amempoteza mjukuu, na hofu ya kumpoteza wa pili ndiyo inayomfanya akaze mlango. Manesi wakiruhusu, mshike mkono umpeleke akamwone anavyopumua.

Na wewe usiishie kwenye kupeleka maziwa. Kifua cha baba pia kina joto. Waombe manesi wakufundishe, uvue shati, wakufungie mwanao kwa kanga kifuani, ukae naye saa chache kila siku, na mama yake apate kujinyoosha kitandani.