Je, mishipa ya retina yaweza kuonekana bila sindano?

SWALI: Baba yangu ana kisukari. Mwaka jana alichomwa sindano ya rangi mkononi ili mishipa ya nyuma ya jicho ipigwe picha. Alitapika palepale, na mkojo ukawa wa rangi ya chungwa hadi kesho yake. Nasikia siku hizi kuna kipimo kisichohitaji sindano. Mashine inaionaje damu bila rangi, na je, kipimo hicho kinatosha peke yake? – Msomaji, Urambo, Tabora.

JIBU: Mpe mzee pole zangu. Rangi ile ni fluoreseini, ambayo imetumika kwa kazi hiyo tangu miaka ya 1960. Kichefuchefu huwapata baadhi ya watu, na mkojo ule ulikuwa ni figo zikiitoa tu, lakini kila daktari atakayemwona aambiwe kwamba alitapika.

Kipimo unachokisikia ni angiografia ya OCT, yaani picha ya mishipa ya damu inayopigwa kwa OCT, mashine inayotumia mwanga kuonyesha tabaka za retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mashine hupeleka jichoni mwanga hafifu usioonekana vizuri kwa macho na kupima unavyorudi kutoka kila tabaka la retina. Kisha hurudia mahali palepale ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, na kompyuta hulinganisha vipimo hivyo. Ukisimama barabarani pale Isevya ukapiga picha mbili mfululizo, miembe na nyumba zitakuwa palepale, na kilichohama ni watu na baiskeli. Ndani ya retina kinachohama ni chembe nyekundu za damu, hivyo njia zake huchorwa hadi mishipa myembamba kabisa, tabaka kwa tabaka, jambo ambalo picha ya sindano ya rangi haiwezi kulifanya.

Hata hivyo, hakitoshi peke yake. Kinaonyesha damu inayotembea, hakionyeshi mshipa unaovuja, na katika kisukari uvujaji ndio mara nyingi unaofifisha uoni. Uvimbe unaotokana nao huonekana kwa OCT ya kawaida, ile inayoonyesha tabaka tu bila kufuatilia damu, ila kukiona chanzo chake huenda kukahitaji sindano ya rangi. Tena picha nyingi za kipimo hiki kisicho na sindano hufunika milimita 3 hadi 6 tu kila upande, ingawa mashine mpya hufika 12 na zaidi, ilhali mishipa mibaya inaweza kuota mbali na hapo. Mtoto wa jicho huitia picha kivuli, na jicho likiyumba, mistari huikata.

Kwa hiyo msisubiri mashine. Mzee apimwe retina angalau mara moja kwa mwaka kwa kupanuliwa mboni kwa dawa ya matone, naye asindikizwe, kwa kuwa dawa hiyo itamtia ukungu machoni kwa saa kadhaa.