Jibu: Mwalimu mkuu amekataa mtoto mwenye ualbino, anasema apelekwe shule maalumu

Mkuu, umeuliza ufanyeje baada ya mwalimu mkuu kukataa kumwandikisha mwanao darasa la kwanza kwa madai kwamba "shule haina vifaa" na kwamba bweni la shule maalumu ndiko kwake. Usikubali haraka. Vituo vya watoto wenye ualbino kama Buhangija kule Shinyanga vilijaa kwa sababu ya mauaji na utekaji wa watu wenye ualbino, si kwa sababu watoto wale walishindwa shule za kawaida. Kama kwenu hakuna tishio, mtoto alale kwao.

Sheria iko upande wako. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinakataza kumbagua mtoto kwa ulemavu au hali ya afya. Ila usiingie ofisini ukipunga vifungu, maana mwalimu akikasirika atakayeumia ni mtoto. Mwombe kwa upole akuandikie sababu za kukataa. Wengi hulegea hapo hapo. Akiandika, peleka barua kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri, nakala kwa afisa ustawi wa jamii, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, barua "itapotea" na utaanza upya.

Akishapokelewa, watu wote watawaza ngozi, kumbe darasani tatizo la kwanza ni macho. Macho yake hucheza, mwanga humuumiza, na miwani humsaidia kwa kiasi tu, kwa kuwa retina yenyewe haikukomaa sawasawa. Mwalimu anayesema "ana miwani na bado hasomi, huyu ni mzito" hajaelewa. Mpeleke kliniki ya macho ya hospitali inayohudumia uoni hafifu, usiishie duka la miwani, uulizie lenzi ya kukuzia ya mkononi na darubini ndogo ya jicho moja ya kusomea ubaoni.

Dawati la mbele pekee halitoshi. Hata hapo anaweza asione. Aruhusiwe kuinuka na kuusogelea ubao, mwalimu asome kwa sauti kila anachoandika, na mtoto akae dirisha likiwa mgongoni. Ubao uliopauka upakwe upya. Akiinamisha kichwa upande mmoja au akileta kitabu hadi puani, aachwe. Kuna pembe ambayo macho yake hutulia, na kusoma kwa karibu hakuyaharibu. Anayemnyoosha shingo anamfunga macho.

Kofia iwe na ukingo wa sentimita 8 hivi kuzunguka pande zote. Kapelo huacha masikio na shingo wazi, na huko saratani hupapenda. Shule nyingi hukataza kofia mstarini, kwa hiyo omba kibali cha maandishi cha kofia, mikono mirefu na soksi ndefu. Inua shati kwenye mwanga: ukiona upande wa pili, jua nalo linapita. Losheni ya jua iwe na SPF (kipimo cha kinga) 30 au zaidi (ile ya Kilisun inatengenezwa hapa hapa Moshi, ulizia hospitali ya wilaya na tawi la chama cha watu wenye ualbino kama wanagawa). Apakwe nusu saa kabla ya kutoka, kisha arudie kila baada ya saa mbili, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kumkumbusha wakati wa mapumziko. Kosa la kawaida ni kupaka kidogo kama mafuta ya mgando, halafu kumwachia acheze juani saa sita. Losheni haichukui nafasi ya nguo na kivuli. Kazi za shamba asisamehewe, wenzake watamchukia. Apewe za kivulini au za kabla ya saa nne. Gamba gumu, au kidonda kisichopona ndani ya wiki nne, ni kliniki ya ngozi moja kwa moja.

Kuhusu kuchekwa, mwalimu aongee na darasa siku za mwanzo: ualbino hauambukizi, na vinasaba vyake hutoka kwa baba na mama wote wawili. Hilo la mwisho hata baba mtu alisikie, maana akina mama wengi wanaachwa kwa tuhuma za uongo. Ila mtu mzima akimwita "dili", yaani kitu cha kuuzwa, au mgeni akiulizia njia anayopita au kumpiga picha, msilifanye suala la nidhamu ya shule. Nendeni Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au pigeni 116, ni bure.

Mwisho, mitihani. Baraza la Mitihani (NECTA) hutoa karatasi za maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu, pamoja na nyongeza ya dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa masomo mengine. Lakini shule lazima imsajili kwa hali hiyo tangu mwanzo. Wakisahau, siku ya mtihani atakuta karatasi ya kawaida mezani na msimamizi hatakuwa na la kufanya. Dai kuiona fomu ya usajili kabla haijatumwa, kuanzia upimaji wa darasa la nne.